Likizo Rwanda: Angalia umri wa mtoto kabla ya bei ya safari

Dodoma. Likizo ya Juni ikikaribia, wazazi wengi hapa makao makuu ya nchi huanza kujiuliza watoto waende wapi. Zamani jibu lilikuwa kijijini kwa bibi, au Dar es Salaam kuona bahari. Siku hizi Rwanda nayo imo kwenye hesabu. Ni jirani, Mtanzania haombi viza, na kila aliyefika Kigali hurudi akisifia usafi wake.

Je, inafaa kwa familia yenye watoto? Inafaa, ila si kwa kila familia. Sifa za nchi ni jambo moja, umri wa watoto wako ni jingine, na hilo la pili ndilo linalopaswa kuamua.

Gharama huanzia nyumbani

Pasipoti moja ni Sh150,000. Familia ya watu watano isiyo na hata moja itatumia Sh750,000 kabla mtu hajapanda gari. Kwa safari ya mara moja, ulizia Uhamiaji kuhusu hati ya dharura ya kusafiria, ambayo ni nafuu zaidi. Beba pia vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mzazi akisafiri nao peke yake, barua ya idhini ya mwenzake humwepusha na maswali mengi mpakani.

Kwa barabara utapita Singida, Nzega na Kahama hadi Rusumo, wilayani Ngara. Ni mwendo mrefu, hivyo mwenye gari lake na watoto wadogo apange kulala njiani.

Gorila si wa watoto

Wengi wanaposikia Rwanda huwaza gorila wa milimani. Kibali cha mgeni katika Hifadhi ya Volcanoes ni dola 1,500 za Marekani, ingawa raia wa Afrika Mashariki hupewa punguzo. Lakini hata ukiwa na fedha, mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kwenda kuwaona. Sababu mojawapo ni ya kiafya: gorila huambukizwa kwa urahisi mafua na magonjwa mengine ya binadamu.

Simba na faru wako Akagera, lakini mtoto wa Tanzania hana haja ya kuvuka mpaka kuona simba. Ruaha iko karibu zaidi.

Malaria iko njiani

Wazazi huogopa magonjwa ya ugenini na kusahau ya njiani. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, hivyo watoto waliokulia hapa wana kinga ndogo dhidi yake. Safari hii inawapitisha Tabora, Shinyanga, Geita na Kagera, ambako malaria ni nyingi zaidi, kisha Rwanda ambako pia ipo. Beba chandarua na dawa ya kufukuza mbu. Mtoto akipata homa wiki moja au zaidi baada ya kuanza safari, hata kama mmesharudi, mpeleke akapimwe na umweleze daktari mlikopita.

Mkipanga kuunganisha Uganda au Kenya, watoto wa kuanzia mwaka mmoja watahitaji kadi ya chanjo ya homa ya manjano wakati wa kurudi. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na dozi moja inatosha maisha yote.

Kuhusu Marburg, Rwanda ilipata mlipuko Septemba 2024, ukatangazwa kumalizika Desemba mwaka huo. Kagera yetu nayo iliupata 2023 na 2025. Wiki moja kabla ya kuondoka, fuatilia matangazo ya Wizara ya Afya.

Jambo jingine dogo lenye hatari: Rwanda magari hupita kulia. Mtoto aliyezoea kuangalia upande mmoja kwanza kabla ya kuvuka, mshike mkono. Na sweta lisikosekane, kwani Kigali iko juu kuliko Dodoma.

Kinachostahili nauli

Thamani ya safari hii kwa familia ya Kitanzania ni historia. Mwishoni mwa Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walivuka Rusumo kuingia nchini mwetu ndani ya takriban siku moja, na wengi wakapokelewa Benaco, Ngara. Kesi za waliopanga mauaji ya kimbari zilisikilizwa Arusha, katika mahakama ya kimataifa iliyofungwa 2015.

Kijana aliyesoma hayo darasani akisimama Gisozi, Kigali, kwenye makumbusho ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000, ataelewa kitu ambacho kitabu hakimpi. Lakini pale kuna chumba chenye picha za watoto waliouawa, zikieleza walipenda kula nini na walikufaje. Kwa mtoto wa miaka sita huo ni mzigo mzito. Hata kwa mkubwa, zungumza naye kabla ya kuingia, na usimwache alale na maswali yake usiku ule.

Kama mdogo wako hajaanza shule, Sh750,000 za pasipoti zinatosha kuwapeleka wote Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia 2006. Ni saa chache tu kwa barabara ya Arusha. Kama wote wameshafika sekondari, anzeni kufuatilia pasipoti mapema, na msipange kwenda wiki inayoanza Aprili 7. Hiyo ni wiki ya maombolezo Rwanda.