Saa ya Kiswahili katika Eneokazi la Kompyuta: Mfano wa Manyovu

Wijeti ni programu ndogo inayokaa juu ya eneokazi, yaani ule uso wa kwanza wa skrini ya kompyuta, na kutenda kazi moja tu: kuonyesha saa, kalenda, hali ya hewa au kiasi cha chaji kilichosalia katika betri. Haifunguliwi kila inapohitajika. Huwa ipo wakati wote, kama saa ya ukutani. Wazo hilo si geni. Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na vifaa vidogo vya mezani, miongoni mwao saa na kikokotoo. Programu ya Konfabulator ya mwaka 2003 ilimwezesha mtu mwenye ujuzi wa kiasi kujitengenezea wijeti zake. Apple ilifuata kwa Dashboard mwaka 2005, na Windows Vista, iliyoingia sokoni kwa umma Januari 2007, ikaja na wijeti zake kando ya skrini.

Neno lenyewe linastahili kutazamwa kidogo. Katika Kiingereza lilitumika kwenye tamthilia ya Marekani ya mwaka 1924 kutaja bidhaa ya kiwandani ambayo hadhira haielezwi ni kitu gani. Kiswahili kimelichukua kama wijeti na kuliweka katika ngeli ya I-/ZI-, pamoja na programu na intaneti. Umbo kiprogramu lingeeleweka upesi zaidi, kwa kuwa kiambishi ki- ndicho chombo cha kawaida cha udogo katika Kiswahili. Msemaji wa Kiha huko Manyovu angeweza hata kusema kaprogramu, maana lugha yake imehifadhi ngeli ya udogo ya aka-/utu- ambayo Kiswahili sanifu kimeipoteza. Wijeti imeshinda kwa sababu ndiyo inayosomwa kwenye simu, na mabishano ya istilahi mara nyingi huamuliwa namna hiyo, kama wanavyojua waliowahi kutetea tarakilishi au ngamizi mbele ya kompyuta.

Lakini jina si tatizo kubwa. Tatizo kubwa limo ndani ya wijeti ya kawaida kuliko zote, yaani saa.

Manyovu ni mji mdogo wa mpakani katika wilaya ya Buhigwe, mkoani Kigoma, eneo lililokuwa sehemu ya Kasulu hadi wilaya hiyo mpya ilipoundwa mwaka 2012. Ng'ambo ya mpaka ni Mugina, nchini Burundi. Tanzania hufuata majira yaliyotangulia saa za dunia kwa saa 3, na Burundi kwa saa 2, hivyo anayevuka mpaka hurudisha saa yake nyuma kwa saa nzima. Mfanyabiashara wa Manyovu anahitaji saa mbili katika eneokazi lake. Akitumia Windows, hataona jina la mji wake wala la Dar es Salaam katika orodha ya majira: itambidi achague Nairobi kwa upande wake, na Harare na Pretoria kwa upande wa Burundi. Wijeti ya saa ya Vista ilimruhusu angalau kuandika jina alilotaka juu ya kila saa, na kwa njia hiyo Nairobi ikageuka Manyovu.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Msemaji wa Kiswahili huhesabu saa tangu mapambazuko na tangu machweo, na tofauti kati ya hesabu hiyo na ya Kizungu ni saa 6 kamili, yaani nusu ya duara. Kwa saa ya mishale hakuna shida: mshale mfupi ukiwa kwenye 1, macho huruka upande wa pili na kinywa husema saa saba. Anayetaka wijeti iseme kama yeye hana haja ya kugusa mishale. Ageuze picha ya uso wa saa tu, ili 6 ikae juu na 12 ikae chini. Saa ya tarakimu ndiyo yenye hatari. Maandishi 3:00 yaliyo peke yake hayasemi kama ni saa tatu au saa tisa, na pale mpakani utata huo hukutana na ile tofauti ya saa moja. Miadi ya 3:00 inaweza kusomwa kwa namna nne, na zote zikawa na mantiki.

Dawa yake si ngumu. Katika Windows ya sasa, mtumiaji anaweza kuweka Rainmeter, programu ya bure ambayo wijeti zake ni mafaili ya maandishi ya kawaida. Hatua ya kwanza ni kuchukua saa ya mfumo wa 24. Ya pili ni kuikokotoa. Wengi huanza kwa kuongeza 6 na kuchukua baki baada ya kugawa kwa 12, kisha hushangaa wijeti inapotangaza saa sifuri jioni. Wakijaribu kuagiza kila 0 iandikwe 12, huharibu pia saa kumi, ambayo husomeka 112. Kanuni iliyo salama ni kuongeza 5, kuchukua baki baada ya kugawa kwa 12, kisha kuongeza 1. Saa 7 ya Kizungu huleta 1, saa 18 huleta 12, na saa 0 huleta 6. Majina ya siku nayo hubadilishwa katika faili hilohilo, neno kwa neno.

Linalobaki ni kutenga alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, na hapa mtengenezaji wa wijeti asiamini jedwali lililoandaliwa mbali. Manyovu iko magharibi ya Dar es Salaam kwa zaidi ya nyuzi 9 za longitudo, na kwa hiyo jua huchelewa huko kwa takriban dakika 38. Saa kumi na mbili ya asubuhi ya pwani huwa na mwanga. Ile ya Manyovu huwa bado giza, na jua huchomoza karibu na saa moja. Wijeti inayoandika asubuhi wakati jogoo wa Buhigwe bado yumo gizani haijakosea hesabu, imekosea mahali.

Kalenda ina kasoro ya aina hiyo. Jumamosi, kwa jina lake, ni siku ya kwanza na Jumatano ni ya tano, ilhali wijeti huanza juma kwa Jumapili au Jumatatu. Aidha, hubadilisha tarehe saa sita usiku, wakati ambapo usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa msemaji, ulikwisha kuanza tangu jua lilipozama.

Juhudi za kuiswahilisha kompyuta hazikukosekana. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Hata hivyo, katika Vista na Windows 7 mfumo ulitambua Kiswahili kimoja tu, cha Kenya. Mtu wa Manyovu aliyetaka wijeti yake izungumze lugha ya taifa lake alilazimika kuweka tafsiri zake katika folda yenye alama ya Kenya, na kuikuta shilingi ya Kenya katika mipangilio ya fedha. Julai 2012 Microsoft iliwashauri watumiaji kuzizima wijeti hizo kwa sababu ya udhaifu wa kiusalama, na Windows 8 ikatoka bila wijeti hizo za eneokazi. Apple nayo iliondoa Dashboard mwaka 2019, kisha mwaka 2023 ikazirudisha wijeti juu ya eneokazi. Zinaendelea kupatikana pia katika mazingira ya Plasma ya Linux, ambako kanuni ileile ya 5 na 1 hufanya kazi bila mabadiliko.