Ukimpiga picha mnyama mweupe, ficha alipo

Hapa Matete, picha ya mnyama wa porini mwenye rangi ya ajabu ikiingia kwenye simu, swali la kwanza huwa: "Hii ni wapi?" Mpiga picha asikimbilie kulijibu.

Kwanza tujue tunachokiona. Katika Msitu wa Kakamega, upande wa Buyangu, mgeni anaweza kumwona mbega mchanga mweupe pepepe akadhani amepata albino. La hasha. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe, na baada ya miezi michache hupata weusi na weupe wa mamake.

Twiga weupe wa Ishaqbini, kule Ijara, Kaunti ya Garissa, jirani zenu nyinyi wa Pwani, ni habari nyingine. Video yao ya mwaka 2017 ilizunguka dunia nzima. Ngozi yao ilikosa rangi lakini macho yalibaki meusi, ilhali ualbino huondoa rangi hadi machoni. Kwa hiyo vuta picha karibu hadi jicho lionekane. Juani, gusa mwili wa mnyama kwenye kioo cha simu kisha upunguze mwanga, la sivyo utapata doa jeupe lisilo na umbo.

Machi 2020 hifadhi hiyo ilitangaza kwamba jike na ndama wake wameuawa na majangili. Iliyopatikana ni mifupa. Akabaki dume mmoja, mwana wa jike huyohuyo, na Novemba mwaka huo akafungwa kifaa cha GPS cha kuwajulisha askari kila saa aliko.

Simlaumu mpiga picha yeyote kwa vifo hivyo. Lakini simu yako nayo ina GPS, na kama hujaizuia, huandika ndani ya kila picha mahali ilipopigwa. WhatsApp hufuta maandishi hayo ukituma kama picha ya kawaida. Ukituma kama dokumenti, yanakwenda nayo. Ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime kipengele cha mahali kabla hujafika langoni. Kilima au kisima kilicho nyuma ya mnyama pia hukitambua mwenyeji, basi kikate. Usirushe picha ukiwa bado porini. Anayestahili kuambiwa saa na mahali ni askari wa hifadhi, naye mwambie kwa mdomo.