Je, Wajua? Kiti cha Uele Kilichofika Marekani

Je, wajua ya kwamba baadhi ya viti vya kale vihifadhiwavyo kwa taadhima mjini New York havikuchongwa Marekani, bali kaskazini-magharibi ya Bunia yetu, katika bonde la mto Uele, nchi ya Wamangbetu?

Kiti cha bibi wa Kimangbetu hutolewa katika gogo moja, pasipo gundi wala msumari: uso wa duara uliobonyea kama sahani, shina fupi, na kitako kipana, nacho kilikuwa chake hasa, akaenda nacho kila alikokwenda. Waungwana wanaume walikalia mabenchi, wakajiegemeza kwenye shina la mti lenye panda kadhaa, ambalo matawi yake yenyewe ndiyo yaliyokuwa miguu (ufundi ambao maseremala wa leo wangeuonea wivu). Mjerumani Georg Schweinfurth, aliyefika barazani kwa mfalme Mbunza mwaka 1870, alivichora vyombo vya namna hiyo.

Kisha wakaja Herbert Lang na James Chapin, wajumbe wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya New York, ambao baina ya 1909 na 1915 walipita Avakubi, kando ya mto Ituri, wakakaa Medje na Niangara, wakikusanya wanyama kwa maelfu na vyombo vya watu karibu 4,000. Ndivyo kiti kilivyohama milki, kikapewa nambari, ambayo kwa desturi ya makumbusho huandikwa upande wa chini, mahali asipopaona aliyekikalia.