Maziwa ya Chumvi ya Singida na Elimu ya Viumbe vya Bahari

Mwanafunzi wa baiolojia mkoani Singida yuko takriban kilomita 700 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na kwa sababu hiyo masomo ya viumbe vya bahari ya tropiki mara nyingi huishia ubaoni. Hata hivyo, swali la msingi la elimu hiyo, yaani namna kiumbe kinavyomudu kuishi katika maji ya chumvi, laweza kuchunguzwa katika maziwa ya Singidani na Kindai, yaliyo jirani na mji wa Singida.

Maziwa hayo hayana mto unaoyapeleka maji yake baharini. Maji yanayoingia wakati wa masika huondoka hasa kwa kugeuka mvuke, huku madini yaliyoyeyuka kutoka kwenye miamba na udongo yakibaki na kulimbikizana. Bahari nayo ilipata sehemu kubwa ya chumvi yake kwa njia inayokaribiana na hiyo, lakini ukubwa wake huifanya idumu kwenye kiwango cha karibu gramu 35 kwa lita, ilhali ukali wa maji ya ziwa hupanda kiangazi na kushuka mvua zinaponyesha. Kwa hiyo wanafunzi wanaopima maji ya Singidani mwezi Aprili, kisha wakarudia mwezi Oktoba, hushuhudia mabadiliko ambayo bahari kuu haiwezi kuwaonyesha kwa muda mfupi hivyo.

Chumvi huutesa mwili kwa njia ya osmosisi, yaani maji kupenya utando kutoka penye chumvi kidogo kwenda penye chumvi nyingi. Samaki wengi wa baharini hupoteza maji kwa namna hiyo, nao hufidia kwa kunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi iliyozidi kupitia matamvua. Heroe, ndege wanaojulikana pia kama flamingo na ambao huonekana katika maziwa ya Singida, wana tezi kichwani zinazotoa chumvi kupitia puani, kama walivyo ndege wengi wa baharini. Heroe mdogo huinamisha mdomo juu chini na kuchuja bakteria wa rangi ya kijani-bluu, wakati heroe mkubwa hula zaidi wanyama wadogo wa majini. Kundi la samaki nalo lina mfano wake: perege aitwaye kitaalamu Oreochromis amphimelas, ambaye jike wake hulelea mayai mdomoni, huishi Tanzania pekee, katika maziwa kama Manyara, Eyasi na Kitangiri.

Yapo mambo ambayo ziwa haliwezi kuyafundisha. Maji kujaa na kupwa, mikoko, na matumbawe, ambayo ni wanyama wanaolishwa kwa sehemu kubwa na mwani mdogo unaoishi ndani ya miili yao, huhitaji safari ya pwani au visiwani, kwa mfano Chumbe, Zanzibar, ambako miamba ya matumbawe imehifadhiwa tangu mwaka 1994 na wanafunzi hupokewa kujifunza. Safari hiyo ni ghali, na kwa hiyo inafaa itanguliwe na vipimo vya Singidani, kwa kuwa mwanafunzi aliyekwisha kujua chumvi inavyochagua viumbe wa ziwa atafika pwani akiwa na swali mahususi la kuliuliza.