Gari ulilonunua limezima njiani: nani abebe gharama?

Kila msimu wa mauzo ya mazao, swali moja hurudi studioni kwetu kwa simu na kwa ujumbe mfupi: "Nimenunua gari wiki iliyopita, limeharibika, na aliyeniuzia hapokei simu. Nifanyeje?" Dakika za kipindi hazitoshi kulijibu vizuri. Ndiyo maana tumeliandika jibu hapa, ulisome taratibu na umwoneshe mwenzako anayejiandaa kununua.

Tuchukue mfano unaofanana na mengi tunayoulizwa. Wakulima kumi wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini wamechanga shilingi milioni 9 za mahindi na viazi. Wamemtuma mwenzao Dar es Salaam akanunue Noah ya kubeba abiria na mizigo siku za mnada. Gari limewaka vizuri, limezungushwa mtaani dakika kumi, pesa imelipwa. Kesho yake, wakati wa kupanda Mlima Kitonga, mshale wa joto unapanda, mvuke unatoka kwenye boneti, gari linazima. Linavutwa hadi Ilula. Fundi anafungua na kukuta gasketi ya silinda hedi imeungua. Anataka laki 9. Muuzaji anasema, "Lilipotoka kwangu lilikuwa zima." Kikundi nacho kinamwambia aliyetumwa, "Hizo utalipa wewe."

Nani yuko sahihi? Jibu halitegemei siku gari lilipozima. Linategemea mambo matatu: hitilafu ilianza lini, nani aliuza, na nini kilisemwa kabla ya pesa kutoka.

Hatari huhama pamoja na umiliki

Mauzo ya gari Tanzania yanaongozwa na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Kanuni yake ni kwamba, kama hamkukubaliana vinginevyo, mwenye mali ndiye mwenye hatari. Gari likishakuwa lako, likigongwa, likiungua au likiibiwa, hasara ni yako.

Wengi hudhani gari huwa lao siku jina linapobadilishwa TRA. Kati yako na muuzaji si lazima iwe hivyo. Gari mlilokwisha kulichagua, likiwa tayari kukabidhiwa, linaweza kuhesabiwa kuwa lako tangu mlipokubaliana, hata kama bado limeegeshwa kwake. Kwa hiyo andikeni wazi: "Gari litakuwa mali ya mnunuzi, na hatari itakuwa yake, kuanzia tarehe fulani, saa fulani, baada ya kukabidhiwa funguo."

Hitilafu iliyokuwepo kabla ya mauzo ni jambo jingine. Hapo ndipo muuzaji anaweza kuwajibika, lakini ni kazi yako kuonesha kwamba ilikuwepo. Kwenye mfano wetu, fundi wa Ilula akikuta themostati ilishaondolewa, maji ya rejeta yana kutu, na kuna gundi iliyopakwa zamani kuziba panapovuja, huo ni ushahidi kwamba gari lilikuwa linachemsha kabla halijaona Kitonga. Akikuta kila kitu safi isipokuwa mpira mmoja uliopasuka njiani, dai linakuwa dhaifu.

Yadi na mtu binafsi si sawa

Ukinunua kwa mfanyabiashara wa magari, sheria inaweka masharti hata kama hayakuandikwa. Ukimweleza gari unalitaka kwa kazi gani na ukategemea utaalamu wake, linatakiwa lifae kwa kazi hiyo kwa kiwango cha kawaida. Gari linalouzwa kwa maelezo na mtu anayefanya biashara hiyo linatakiwa pia liwe na ubora wa kuuzika. Ila gari la miaka 20 halipimwi kama jipya. Umri na bei vinaangaliwa.

Ukinunua kwa mwalimu, jirani au mtumishi anayeuza gari lake mwenyewe, masharti hayo ya ubora kwa kawaida hayakulindi. Hapo unabaki na mambo mawili makubwa: awe na haki ya kuliuza, na asiwe amekudanganya.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Ukilikagua gari kabla ya kununua, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionesha, kama tairi lililoisha au kioo kilichopasuka. Hii isikufanye uache kukagua. Kasoro iliyofichwa ndani ya injini bado inabaki kuwa hoja yako.

Kukaa kimya na kudanganya

Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kukaa kimya peke yake kwa kawaida si udanganyifu. Muuzaji ambaye hakuulizwa chochote anaweza kuponea hapo. Lakini ukimuuliza, "Limewahi kuchemsha? Injini imewahi kufunguliwa?" naye akajibu "hapana" akijua ni ndiyo, huo ni uongo uliokufanya ukubali, na mkataba unaweza kupingwa.

Kwa hiyo uliza, tena kwa maandishi. Ujumbe wa simu ukipata jibu unaweza kuwa ushahidi mzuri kuliko maneno ya kijiweni. Ahadi za dalali zisikutoshe. Mwenye gari mwenyewe aandike na asaini.

Na yule aliyetumwa?

Aliyetumwa na wenzake ni wakala wao. Anatakiwa afanye kazi kwa uangalifu wa kawaida na afuate maagizo. Kama aliambiwa aende na fundi akaona fundi ni gharama, akalipa bila kukagua, kikundi kina hoja dhidi yake. Kama alienda na fundi, akauliza na akaandikishana, basi ametimiza wajibu, na hasara ni ya kikundi kizima pamoja na haki ya kumdai muuzaji. Kabla hajapanda basi, andikeni kwenye daftari la kikundi: bei ya mwisho, aina ya gari, na ukaguzi anaotakiwa kufanya. Tumeona urafiki wa miaka mingi ukiishia kwenye neno "tulikuambia".

Kabla ya kulipa

1. Nenda na fundi wako, asiwe wa muuzaji wala wa dalali. Malipo yake ni madogo kuliko gasketi.
2. Likute gari likiwa baridi. Ukilikuta limeshapashwa moto, rudi kesho. Kuwaka asubuhi kwa shida ni jambo linalofichwa kirahisi.
3. Fungua kifuniko cha oili na cha rejeta injini ikiwa imepoa. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili kwamba maji yameingia. Moshi wa bluu unaoendelea kutoka nyuma ni dalili kwamba injini inakula oili.
4. Liendeshe si chini ya nusu saa, na utafute mlima. Barabara tambarare haioneshi gari linalochemsha.
5. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi. Kadi iwe na jina la anayekuuzia, au awe na idhini ya maandishi.
6. Angalia deni la faini za barabarani kwa kutumia namba ya gari.
7. Bakiza sehemu ya malipo kwa siku 7 au 14 kama muuzaji atakubali, na iandikwe kwenye mkataba.

Usitegemee bima hapa. Hata bima kubwa kwa kawaida hailipii injini iliyokufa kwa uchakavu.

Limeshaharibika, fanya hivi

Zima injini. Ukiendelea kulisukuma gari linalochemsha, unaongeza uharibifu na muuzaji atasema umeliua wewe. Piga picha za mita, injini na mahali ulipo. Mjulishe muuzaji siku hiyohiyo kwa ujumbe, na umpe nafasi ya kuja au kumtuma fundi kabla injini haijafunguliwa. Likifunguliwa, fundi aandike alichokuta, na vipuri vibovu uvitunze hadi mambo yaishe.

Madai ya kudai gari lirudi na pesa zote zirudi ni magumu likishakuwa lako na ukilitumia. Mara nyingi kinachowezekana ni fidia, yaani gharama ya matengenezo na hasara iliyotokana na kasoro hiyo. Anzeni kwa mazungumzo. Yakishindikana, fungua madai mahakamani. Kama muuzaji ni mfanyabiashara aliyepotosha wateja, Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya walaji. Polisi ni kwa jinai, kwa mfano gari la wizi, kadi ya kughushi au utapeli. Gari kuharibika tu ni madai, si kosa la jinai. Kama huna pesa ya wakili, muulize mtendaji wa kata aliko msaidizi wa kisheria. Wasaidizi hao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na hutoa msaada bila malipo.

Turudi kwa Noah yetu pale Ilula. Kijana mwenye fundi, maswali yaliyojibiwa kwa maandishi na mkataba mfukoni ana mahali pa kuanzia. Mwenye risiti ya kuvutwa peke yake atahangaika sana. Milioni 9 za jasho la watu kumi zinastahili karatasi mbili na siku moja ya ziada mjini.