Kuimba kanisani: ni ibada au burudani? Swali hili Mwafrika mmoja alijiuliza miaka 1,600 iliyopita

Kwaya inasimama, kinanda kinaanza, na kabla ubeti wa pili haujaisha watu wanafuta machozi. Je, hayo ni machozi ya toba, au ni utamu wa sauti tu?

Wengi hudhani mjadala huu umeletwa na spika kubwa na kwaya za sare. Kumbe ni wa zamani sana.

Biblia inasemaje?

Nafasi ya muziki ni kubwa. Daudi anapiga kinubi, mfalme Sauli anapata nafuu (1 Samweli 16). Nabii Elisha anaagiza aletewe mpiga kinanda ndipo atoe unabii (2 Wafalme 3). Yesu na wanafunzi wake waliimba usiku ule ule aliokamatwa (Marko 14). Paulo na Sila waliimba gerezani usiku wa manane, miguu ikiwa imefungwa (Matendo 16).

Lakini fungua pia Amosi sura ya 5. Hapo Mungu anazikataa nyimbo, kwa sababu wanaoimba ndio hao hao wanaowaonea maskini. Yaani wimbo mtamu hauwezi kufunika dhuluma.

Augustino alilia, kisha akajikagua

Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, ambako leo ni Algeria. Alibatizwa Milan, Italia, mwaka 387.

Muda mfupi kabla ya hapo, waumini wa Milan walikesha kanisani wakimlinda askofu wao, Ambrose, aliyekuwa kwenye mgogoro na Justina, mama wa mfalme. Ili watu wasichoke na kukata tamaa, kusanyiko zima lilianza kuimba pamoja. Augustino anasimulia katika kitabu chake, Maungamo, kwamba nyimbo za kanisa hilo zilimliza.

Kama miaka kumi baadaye, akiwa askofu kule Hippo, alijihoji. Alikiri kwamba kuna wakati sauti ya mwimbaji ilimgusa kuliko maneno yanayoimbwa. Hilo alilihesabu kuwa dhambi. Akafika mahali pa kuwaza kwamba labda ni salama zaidi zaburi ziimbwe kwa namna inayokaribia kusoma tu.

Hata hivyo hakuufuta muziki. Aliona kwamba moyo dhaifu unaweza kuinuliwa kwa kupitia masikio.

Kuna msemo maarufu kwamba anayeimba husali mara mbili, nao hupewa jina la Augustino. Maneno hayo hayajapatikana kwenye maandishi yake. Alichofundisha kinakaribia hapo: anayeimba sifa kwa kweli anampenda yule anayemwimbia.

Wakristo hawakukubaliana

Karne ya 16 swali lilirudi kwa nguvu. Martin Luther, Mjerumani, aliuweka muziki karibu kabisa na teolojia. Alitunga nyimbo kwa lugha ya watu, na mwaka 1524 vitabu vya kwanza vya nyimbo za Kilutheri vilichapishwa. Kwake, muumini wa kawaida hakupaswa kukaa kimya akisikiliza wataalamu.

Huldrych Zwingli wa Zürich alikuwa na kipaji cha kupiga vyombo vingi, lakini ndiye aliyeondoa muziki kwenye ibada. John Calvin alishika njia ya kati: zaburi ziimbwe na wote, bila vyombo.

Tofauti hizo bado zipo. Waorthodoksi wengi na Makanisa ya Kristo huimba bila vyombo hadi leo. Hawachukii muziki, siyo hivyo. Kwao, sauti ya binadamu inatosha, kwa sababu ndiyo inayobeba maneno.

Na ngoma je?

Afrika, swali lilikuwa na sura nyingine. Wamisionari wengi waliziona ngoma kuwa za kipagani, waumini wakafundishwa nyimbo zenye tuni za Ulaya. Mtu aliambiwa amwimbie Mungu, lakini mdundo aliozaliwa nao auache nje.

Mwaka 1958 huko Kongo, Misa ya Kilatini iliimbwa kwa mitindo ya Kikongo, ikajulikana kama Missa Luba. Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati ya liturujia iliyoagiza muziki wa jadi wa mataifa upewe heshima na nafasi katika ibada. Leo ngoma na kayamba kwenye Misa ni jambo la kawaida.

Utajuaje wimbo umekujenga?

Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba anaimba kwa roho na kwa akili pia (1 Wakorintho 14). Ukiunganisha hilo na Amosi na Augustino, unapata maswali matatu ya kujiuliza Jumapili ijayo:

1. Baada ya wimbo, nakumbuka maneno au nakumbuka sauti ya mwimbaji tu?
2. Kusanyiko linaimba, au limegeuka watazamaji?
3. Nikitoka hapa, yule niliyemkosea au kumdhulumu ataona tofauti yoyote?

La tatu ndilo gumu. Machozi hukauka kabla hujafika nyumbani, lakini deni la jirani bado lipo.