Laptopu ya mwanao imeandikishwa kwa jina la nani?

IKIFIKA Oktoba na Novemba, vyuo vikuu vinapofunguliwa, mabasi yanayopita Korogwe kwenda Dar es Salaam, Dodoma na Arusha hupakia vijana wanaofanana. Begi kubwa huingia kwenye buti, lakini kibegi kimoja chembamba mwenyewe hakiachi mkononi. Hukipakata mapajani mpaka mwisho wa safari. Humo ndimo ilimo kompyuta mpakato, au laptopu kama wengi wanavyoiita.

Kwa mzazi wa Manundu, kibegi hicho ni hesabu ndefu. Kuna mahindi yaliyouzwa kabla bei haijapanda, kuna zamu ya upatu iliyoombwa mapema, kuna mkopo wa VICOBA ambao marejesho yake bado yanaendelea. Ndiyo maana usia wa kumuaga mtoto huwa ni uleule: usiiache ovyo, usiiazime, angalia isidondoke.

Ni usia mzuri. Lakini liko tatizo jingine lisilo na kelele, ambalo huanza siku ileile ya kununua, mashine ikiwa bado mezani kwa muuzaji. Tatizo hilo huja na swali moja: laptopu hii imewashwa mara ya kwanza kwa jina la nani?

Muuzaji aliyesaidia kupita kiasi

Laptopu mpya inapowashwa huuliza maswali: lugha, nchi, mtandao, kisha akaunti ya barua pepe. Dukani kuna foleni, mzazi hana haraka ya kujifunza, na kijana pengine yuko nyumbani anasubiri mzigo uletwe na basi. Muuzaji anajaza mwenyewe. Anatumia barua pepe yake, au anatengeneza nyingine palepale na nywila ambayo kesho hataikumbuka. Kisha anasema maneno ambayo kila mnunuzi hupenda kuyasikia: "Tayari mama, kila kitu nimeshakuwekea."

Mashine inafanya kazi vizuri tu. Inaweza kwenda hivyo mwaka mzima.

Kinachojificha ni hiki. Laptopu nyingi za siku hizi zenye Windows 11 hufunga diski yake kwa siri mara tu mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Nia ni njema: mwizi akiichomoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine, hasomi chochote. Ufunguo wa kuifungua ni namba yenye tarakimu 48, na hutunzwa kwenye akaunti ile iliyoandikishwa mwanzo. Siku mashine ikitengenezwa ubao wake wa ndani, au mfumo wake wa msingi ukibadilishwa, inaweza kuwaka na kioo cha bluu kinachodai namba hiyo. Kama akaunti ni ya muuzaji, ufunguo uko kwa muuzaji. Kama muuzaji kasahau nywila au kahama mji, hakuna fundi wa Korogwe wala wa Kariakoo atakayeifungua. Microsoft wenyewe hawawezi. Kinachobaki ni kufuta kila kitu na kuanza upya, na kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu "kila kitu" maana yake ni ripoti ya utafiti aliyoiandika miezi sita.

Kwa kompyuta za Apple kisa ni kikali zaidi. MacBook iliyotumika ambayo mwenyewe wa kwanza hakuitoa kwenye akaunti yake inaweza kukataa kuandaliwa upya kabisa, hata ikifutwa. Nazo laptopu za ofisi za ng'ambo zinazoletwa kama mtumba, baadhi hubaki zimeandikishwa kwa kampuni iliyozimiliki. Zikifutwa na kuunganishwa na intaneti huanza kuulizia mfanyakazi wa kampuni hiyo. Bei yake huvutia sana, na pengine sababu ya bei hiyo ni hiyo.

Kijana akae mwenyewe mbele ya kioo

Dawa yake haina gharama. Mwambie muuzaji aiwashe ili kuhakiki kwamba kioo, kibodi, kamera na spika vinafanya kazi, kisha airudishe kwenye hali ya kiwandani. Maswali ya mwanzo ajibu mwenye mashine, kwa barua pepe yake mwenyewe. Kama mzigo umetoka Kariakoo kwa basi, mpigieni muuzaji kabla hajaupakia mkamweleze hivyo, na ukifika ufunguliwe siku hiyohiyo, si baada ya wiki.

Hapa kuna kitu kidogo ambacho vijana hawakifikirii. Akaunti huomba namba ya simu ya kumtambulisha mtu akisahau nywila. Mwanafunzi akifika chuoni hununua laini nyingine yenye bando nafuu, ile ya zamani anaitupa, na laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na baadaye namba yake inaweza kupewa mtu mwingine. Basi iwekwe pia namba ya mama au baba, ile ambayo haijabadilika tangu mtoto akiwa darasa la tatu.

Baada ya hapo kijana aingie kwenye ukurasa wa akaunti yake ya Microsoft, atafute ufunguo wa tarakimu 48 na aunakili kwa kalamu. Karatasi hiyo, pamoja na jina la akaunti na namba ya utambulisho iliyochapwa chini ya mashine, iingie kwenye bahasha ile ya nyumbani yenye cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule. Isikae ndani ya begi la laptopu. Anayeiba begi asipewe na funguo.

Bahasha hiyohiyo ndiyo ya risiti. Dai risiti ya EFD na uangalie kama bidhaa imeandikwa sawasawa, kwani waranti bila risiti ni maneno matupu. Linganisha namba ya utambulisho iliyo kwenye boksi na ile iliyo chini ya mashine. Zikitofautiana, rudisha kabla hujatoka mlangoni.

Kwa anayenunua iliyotumika kuna swali la ziada. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba, 2025, yaani mashine iliyobaki nayo haipati tena viraka vya usalama kama zamani. Windows 11 rasmi haikubali kompyuta nyingi za kale. Kwa zile zenye prosesa ya Intel Core, kwa kawaida inahitajika kizazi cha 8 au cha juu yake. Laptopu ya kizazi cha 4 inaweza kung'aa kama mpya na bado ikawa si ya kumpa mtu anayeanza safari ya miaka mitatu.

Bando lililoyeyuka

Wiki ya kwanza huja na kilio cha pili. Kijana anaiunganisha laptopu na simu ya mama, anafungua ukurasa mmoja wa chuo, na bando la wiki nzima limekwisha kabla chai haijapoa. Hakuna aliyeiba. Mashine mpya hupakua masasisho yake yenyewe, na yanaweza kufika gigabaiti kadhaa.

Masasisho hayo ni ya lazima, kwa hiyo yapangieni mahali: ofisini kwa ndugu mwenye Wi-Fi ya kulipia kwa mwezi, au chuoni. Kwa wakati wa kutumia simu, fungua mipangilio ya mtandao huo kwenye laptopu na uwashe swichi iliyoandikwa "Metered connection". Hapo mashine huelewa kwamba data inanunuliwa kwa kipimo na hupunguza ulaji.

Kuhusu kirusi, Windows 11 ina kinga yake ya ndani isiyolipiwa, na inatosha ikisasishwa. Kinachoivunja ni programu za wizi zinazogawiwa kwa flashi, ambazo mara nyingi humtaka mtu aizime kinga kwanza ndipo ziingie. Mtu anayekwambia umfungie mbwa kabla hajaingia uani hajaja kwa heri. Kwa kuandika na kutengeneza majedwali ipo LibreOffice, ni ya bure na ni halali. Vyuo vingine huwapa wanafunzi programu za Microsoft kupitia barua pepe ya chuo.

Umeme, joto na godoro

Umeme huzalishwa hapohapo wilayani Korogwe, kituo cha Hale kwenye Mto Pangani, tangu mwaka 1964. Ujirani huo haujawahi kuwaokoa watu wa Manundu na giza. Kwa laptopu, kukatika kwenyewe si hatari kubwa kwa sababu ina betri. Kinachoumiza ni kurudi kwa ghafla, umeme unapoingia kwa kishindo, na radi za masika na vuli. Chaja nyingi zimeandikwa kwamba hupokea volti 100 hadi 240, na umeme wetu ni wa volti 230, kwa hiyo nafasi ya kuvumilia ziada ni ndogo. Umeme ukikatika, chomoa chaja. Ukirudi, subiri dakika chache. Radi ikianza kunguruma Usambara, chomoa pia. Ekstensheni yenye kinga ya mshtuko wa umeme ni matumizi mazuri kuliko mfuko wenye maua.

Chaja ikifa, inunuliwe inayolingana kwa volti, na ampea zisipungue zile za mwanzo. Kuingia tundu si ushahidi kwamba inafaa.

Ule ushauri wa kuchaji kwanza kwa saa nane bila kuwasha ulikuwa wa betri za zamani. Betri za lithiamu haziutaki. Hupenda kukaa kati ya asilimia 20 na 80, na huchukia joto kuliko kitu kingine. Korogwe iko bondeni, na joto la Januari na Februari linajulikana. Kampuni kama Apple huandika kwamba laptopu zake zitumike mahali penye nyuzijoto 10 hadi 35. Ndani ya gari lililofungwa juani kiwango hicho hupitwa kwa muda mfupi sana.

Adui mkubwa wa feni, hata hivyo, ni godoro. Laptopu nyingi huvuta hewa kwa chini. Ikiwekwa kitandani, juu ya shuka au kanga, matundu huziba, mashine inachemka na kupunguza kasi, kijana anasema laptopu ni nzito. Meza inatosha, au hata ubao wa kukatia mboga uliokauka vizuri. Wa barabara za vumbi, hasa wanaotokea upande wa Handeni kwa bodaboda, waifunge kwanza ndani ya mfuko wa plastiki kisha begi, na waizime kabisa, isiwe imelala tu.

Kusafisha ni kitambaa laini kikavu, mashine ikiwa imezimwa. Chai ikimwagika, chomoa chaja, izime kwa nguvu, ipindue maji yatoke, ipelekwe kwa fundi bila kujaribu kuiwasha "kuona kama iko hai". Na ukiona kifuniko cha chini kimevimba, hiyo ni betri. Acha kuitumia siku hiyo, usiichaji, usiitoboe.

Kazi isikae sehemu moja

Diski hufa bila kuaga, na laptopu huibiwa. Akaunti ya Google hutoa gigabaiti 15 za kuhifadhi bila malipo, na kazi za maandishi za shahada nzima haziwezi kuzijaza. Asiye na bando ajitumie faili kwa barua pepe kila Ijumaa anapopata mtandao, na anakili nyingine kwenye flashi inayokaa mbali na laptopu. Flashi iliyo ndani ya begi moja na mashine huibiwa nayo.

Nakala hizo hufaa pia siku ya kwenda kwa fundi. Kwa binti hasa, picha binafsi ziondolewe kabla mashine haijaachwa mezani kwa mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, lakini picha ikishasambaa haikusanywi na hukumu. Kama kazi ni kubadilisha kibodi au feni, fundi hahitaji nywila. Akiihitaji kwa kweli, ibadilishwe mara mashine inaporudi.

Ni baada ya matengenezo kama hayo ndipo simu inaweza kupigwa usiku kutoka Dodoma. "Shikamoo mama. Imewaka bluu, inaniuliza namba." Mama aitikie marahaba, afungue kabati, atoe bahasha. Namba 48 zimegawanywa katika mafungu manane ya tarakimu sita, kwa hiyo asome fungu moja, asubiri mwanawe alirudie, ndipo aende la pili. Na asimsomee mtu mwingine yeyote anayepiga akisema ni wa kampuni.